Mbao Ulizonipigilia Mlangoni

Tondo, Manila

Crispin,

Huna haya wewe! Nimekulea kwa kufua nguo za watu, leo unanipigilia mbao mbele ya mlango na kichochoro chetu chote, na kuzichora maua, ili wageni wa serikali wakipita wasituone. Nilikuchungulia kwenye ufa. Hata kuja kunisalimu kwa heshima, uushike mkono wangu uuweke kwenye paji lako, hukuja.

Sisi wazima. Wali na dagaa tunapata. Siku hizi tunatokea kwenye mtaro wa majitaka, tunatambaa kama panya. Jirani yangu Pacing alipita huko kwenda kuyaona maua yako, akarudi ananuka na kucheka: "Dada Ising, mjukuu wako fundi kweli! Katuzika, na mashada kaweka!"

Mimi nilitema mate. Binti yake, Luz, ana mimba ya miezi tisa, na mtaroni hapiti. Mkunga yuko ng'ambo ya mbao zako. Jana uchungu ulimshika kisha ukaacha. Uchungu ukirudi, azalie wapi? Kwenye kinyesi?

Kesho asubuhi njoo na nyundo. Ng'oa mbao zote za kichochoroni, mchana kweupe, bosi wako aliyekupa kazi hiyo akitazama.

Bibi yako,
Ising