Mkono wa Fundi Swaleh

Dada Nekesa, salamu kutoka Mji wa Kale, ambako joto halina adabu.

Leo nilikaa na Fundi Swaleh, mshona kofia. Alipofanyiwa upasuaji wa nyongo, kiwiko chake cha kulia kilibanwa na ukingo wa meza kwa saa tatu, naye amelala kwa dawa; tangu hapo vidole vya mkono huo vina ganzi.

"Tumbo wamelishona vizuri kunishinda, bwana. Mkono ndio waliousahau."

Alijaribu kutia uzi kwenye sindano mbele yangu. Sindano ilimponyoka mara tatu, na mkewe akaiokota.

Jumatatu ni zamu yako ya kupasuliwa. Kabla hujalazwa usingizi, mwambie nesi aweke mto chini ya viwiko vyote viwili. Usione haya. Nikirudi nataka chapati za mikono yako.

Nduguyo, Wafula