Mbuzi wa Hezroni Wamehesabiwa

Mbaga, Same
8 Septemba

Mwanangu Hezroni,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana siku hizi shikamoo yako naipata nusu, halafu unasema mtandao unasumbua. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Barua huwezi kuikata. Hujambo wewe? Fortunata anaendeleaje, na mtoto mchanga ananyonya vizuri? Mwambie mkeo asimfunike kupita kiasi, Mwanga ni joto, si kama huku kwetu. Mimi nipo. Goti linaniuma asubuhi, jua likitoka linaniacha. Maharage tumeshavuna, tangawizi iko juani, kwa hiyo kwa neema ya Mungu hatulalamiki.

Nimesikia mpango wako. Umempigia simu Mwalimu Elirehema ukamwambia kwamba mwezi wa kwanza unamhamishia Ernesta shule ya bweni Moshi, kwa kuwa kichwa chake kizito, hesabu hazipandi, na bibi yake ni mtu wa jembe asiye na cha kumfundisha. Hilo la jembe nimelipokea. La kichwa kizito silipokei, na leo utakaa chini unisome mpaka mwisho.

Ni kweli muhula uliopita alifeli hesabu. Mwalimu Elirehema, huyo anayelifundisha darasa la tatu, aliniita shuleni. Nilivaa kitenge cha kanisani nikaenda nimejiandaa kugombana, kumbe yule binti hagombani. Alinipa kiti, akaniambia kuna jambo halielewi. Ernesta akipewa kalamu, machungwa au mawe, anajumlisha na kutoa kuwashinda wenzake. Akipewa kuku, ng'ombe au watoto wa shule, anaacha wazi. Akanionyesha swali la mfugaji aliyekuwa na mbuzi kumi na wanane akagawa saba, mtoto hakuandika hata namba moja. Mwalimu alidhani tatizo ni kusoma, akamwambia alisome kwa sauti. Akalisoma lote bila kukwama, kisha akaweka kalamu chini.

Njia nzima ya kurudi nilimfokea. Nilimwuliza kama ni kiburi au ni uvivu, maana katika ukoo wa baba yako vyote viwili havijawahi kupungua. Alilia. Tulipofika kwenye mfereji akanijibu, tena kwa adabu, kwamba mimi ndiye niliyemkataza.

Unakumbuka mlipomleta, Fortunata alipokaribia kujifungua? Siku ile ile alisimama mlangoni pa zizi akanyoosha kidole, mmoja, wawili. Nikamchapa mkono, nikamwambia chenye uhai hakihesabiwi, ukikihesabu kinaisha. Nilimwambia kama mama yangu alivyoniambia, na kama nilivyokuambia wewe. Wewe ulisikia ukaenda zako shule ukahesabu ng'ombe wa kitabuni bila kuwaza lolote. Huyu akiamini jambo, analiamini mpaka mwisho. Alikuwa anaacha maswali wazi ili mbuzi wa watu asiowajua wasife. Ndiye huyo unayemwita mzito.

Nikamwambia mbuzi wa karatasi hawana damu, awahesabu tu. Akaniuliza, kama lile neno ni la kweli, litajuaje kwamba hawa ni wa karatasi.

Basi nikarudi kwa mwalimu. Nilimwonya mapema asije akacheka mambo yetu. Hakucheka, kumbe hata kwao Ugweno alikatazwa vivyo hivyo. Akaniambia hesabu haziishii darasani, nimsaidie nyumbani, naye shuleni ataanza naye kwa vizibo vya soda mpaka azoee kuviita mbuzi. Nami nikashika kazi. Tukianika tangawizi, Ernesta anaipanga mkekani kwa mistari, vipande sita kila mstari, na ananitajia jumla kabla sijanyoosha mgongo. Mahindi na maharage ya makande anapima yeye, kikombe kimoja cha hiki kwa viwili vya kile, na wageni wakiongezeka anajua aongeze nini. Ila wakati ule ukimwuliza wageni ni wangapi, alikuwa anakwambia tumetoa vijiko tisa. Watu na wanyama alikuwa bado hawagusi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sikukuambia kwenye simu. Mbuzi ni wako, na uliniachia niwatunze kama ilivyo desturi. Nilimshika Ernesta mkono, tukaingia zizini, nikawahesabu mimi mwenyewe kwa sauti, yeye akifuatisha nyuma yangu. Niliogopa, sikufichi. Jirani yetu Zephania alikuwa uani kwake, akaniuliza kama uzee umenipanda kichwani. Nikamwambia ahesabu meno yake, hayo hayana uhai tena.

Wiki iliyofuata beberu wako mwekundu akafa. Alikata kamba, akaingia kwenye mihogo ya Zephania, akala majani machanga mpaka tumbo likavimba. Zephania mwenyewe ndiye aliyemkuta. Lakini Ernesta alijifungia chumbani, akakataa kula, akasema amemwua yeye. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa zizini. Nilijua akinyamaza safari hii, hata vizibo hatavigusa tena.

Nilimtoa nikampeleka kwenye mihogo, akaona majani yaliyotafunwa. Nikamwonyesha na kamba. Kisha nikamwambia twende tukawahesabu waliobaki. Akakataa. Nikamwambia hao waliobaki wanatutegemea, na tusipojua ni wangapi, mwingine akipotea nani atajua kwamba anatakiwa kutafutwa? Tulisimama pale mpaka goti likaanza maneno yake. Ndipo akasema polepole kwamba walikuwa kumi na wanne, ametoka mmoja, wamebaki kumi na watatu. Akaingia akawagusa mmoja mmoja kuhakikisha. Sasa anawahesabu kila jioni wakirudi. Wengine wakifa, watakufa kwa mihogo, si kwa kuhesabiwa.

Mtihani wa juzi hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Kugawanya bado kunamtoa jasho, na mwalimu anasema ana safari ndefu. Lakini hakuna swali aliloliacha wazi, hata la kuku. Kwa hiyo mwache hapa. Na kama una hasira ya beberu, njoo nayo kwangu, mtoto usimtajie.

Msalimie Fortunata sana, umbebe na huyo mchanga kwa niaba yangu. Zephania anasema hajambo, meno yake hajaniletea hesabu. Ernesta naye anakuamkia. Amesimama hapa begani kwangu, anataka niandike kwamba huku tuko wawili na huko mko watatu, jumla sisi ni watu watano, na kwamba akienda Moshi huku nitabaki mmoja. Nilitaka kumkataza. Nimemwacha aseme.

Ni mimi mama yako,
Namsifu