Kabla Hamjafunga Baraza kwa Vioo

Magogoni, Kisauni
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Baba pia mpe shikamoo yangu kabla hujaanza kumsomea. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda kutoka kisimani. Mimi mwili ni mzima. Shuleni tunakaribia kufunga muhula, umebaki mtihani wa Kemia tu. Moyo ndio hauko sawa, na sitaki kuzunguka sana kabla ya kukueleza kwa nini.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ninayoazimwa hapa ni ya Mjomba, na kila ninapoongea nawe yeye huwa amekaa pembeni. Unanijua, mtu akinitazama maneno hunikauka. Barua hii nitampa jirani yetu Mama Rehema, yule muuza mahamri, ambaye kesho anakuja huko Kaloleni kufuata nazi.

Wiki iliyopita uliniambia kuwa Kaka Kazungu amewatumia picha za chumba cha vioo, na kwamba fundi ameshakuja kupima baraza letu. Ulikuwa na furaha. Ukaniuliza, "Hicho cha mjomba wako kikoje? Kinafaa?" Nikasema nitakueleza siku nyingine. Siku hiyo ndiyo leo.

Nataka kuwa mkweli kwa pande zote. Nia ya Kaka ilikuwa njema. Kule Uingereza anakotunza wazee kuna chumba kama hicho kimeegemezwa ubavuni mwa nyumba, kuta vioo na paa vioo. Baridi inauma nje na wazee wamo ndani wanaota jua. Picha zilipomfikia Mjomba, Kaka alikuwa ameandika chini yake, "Hawe naye apate pa kukaa kama hawa." Mjomba aliguswa sana. Hakutaka mama yake, Hawe wetu sisi wajukuu, akose kitu ambacho wazee wasiomhusu wanakipata kwa mkono wa mjukuu wake mwenyewe. Basi fundi akaja, akabomoa kiukuta cha baraza, akasimamisha fremu za alumini, akatia vioo pande tatu, na juu akaweka mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mlango ni wa kusukuma pembeni. Mjomba alimshika Hawe mkono akamkalisha humo yeye mwenyewe, na Hawe alimbariki.

Kina uzuri wake. Asubuhi na mapema mwanga humo ni mweupe, nami nimesomea humo vitabu vingi bila kuwasha taa. Mvua ikinyesha unaiona yote na huloi. Lakini Mama, ikifika saa nne hakikaliki. Kiti kinachoma. Mkaza mjomba alishona mapazia mazito ya kuzuia jua, kwa hivyo sasa tuna vioo ambavyo mchana kutwa vimefunikwa, isipokuwa akija mgeni, hapo Mjomba huyafungua ili vionekane. Kunguru nao wanajiona kwenye vioo, wanadhani ni kunguru wengine, wanagongagonga kutwa nzima. Miyaa ya Hawe inakauka na kukatika kabla hajaisuka, hata ameacha ule mkeka aliokuwa anakusukia. Ukili wake umekunjwa chini ya kitanda.

Kinachoniuma zaidi ni watu. Zamani Hawe alikuwa anakaa barazani na kila apitaye alipiga hodi, akaegemea kiukuta, akapewa habari na kutoa zake. Mama Rehema alikuwa anatua beseni lake la mahamri pale pale. Siku moja nilimwona anapita upande wa pili wa njia. Nikamwuliza mbona hatui siku hizi.

"Nitue wapi, mwanangu? Na miguu hii ya vumbi niingie kwenye vioo? Halafu hodi naipigia wapi? Nikiwa nje nishamwona mwenye nyumba, nikigonga ataona namfanyia mchezo."

"Si uingie tu, bibi anakutaka."

"Bibi mmemtia kabatini kama sambusa," akasema, na akacheka. "Mwisho mtamwashia balbu asipoe."

Nami nilicheka. Siku hizi sichekeshwi tena na maneno yale.

Jumanne nilitoka shule mapema kwa sababu tulikuwa na mtihani wa asubuhi peke yake. Mjomba alikuwa kazini kule Changamwe na mkaza mjomba alikuwa amekwenda sokoni. Mjomba ameagiza ule mlango ufungwe kila wakati ili vumbi lisiingie, na huwa tunamwachia Hawe feni. Stima ilikuwa imekatika. Nilipoingia getini nikamwona kwenye kiti, pazia limefunguliwa, kichwa kimelala bega. Nilimpungia mkono. Yeye hakuinua wake.

Nilivuta mlango na hewa iliyotoka ilikuwa kama ya jikoni wakati wa kuoka. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ngozi imekauka, hana hata jasho. Akanitazama akaniita kwa jina lako. Akasema, "Sidi, mbona mmenifungia?" Nilipiga kelele, Mama. Mimi. Mama Rehema alikuja mbio na kanga moja, tukambeba hadi uani, kwenye kivuli karibu na kamba za nguo, tukamlowesha maji kichwani na kifuani na kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Halafu vijana wa hapo nje wakatusaidia kumfikisha zahanati. Daktari alisema ni joto, na kwamba tungechelewa zaidi angekuwa anatuambia mengine. Sasa amerudi nyumbani, anakula uji, na akili yake imetulia. Usishtuke sana. Ila miguu bado haina nguvu.

Jioni ile Mjomba alikaa kitandani kwa Hawe, ameshika viatu vyake mkononi kama mtu asiyejua pa kuviweka.

"Mama, kwa nini hukuita?"

"Niliita," Hawe akasema. "Nikavuta pazia, nikapunga mkono. Watu wakanipungia nao, wakapita."

Mkaza mjomba alitoka akaenda jikoni, na nilimsikia analia huko. Nimeyafikiria maneno yale kila siku. Watu waliopita ni majirani wema. Walimwona bibi kizee safi, kwenye kiti kizuri, anawasalimu. Mlango ulimshinda kuusukuma, na sauti haikupita.

Kesho yake nilijikaza. Mjomba alikuwa anakunywa chai.

"Mjomba, naomba kusema kitu."

"Sema, mwalimu." Huniita hivyo kwa sababu ya vitabu.

Nikamwambia kuwa kioo huingiza joto la jua na hakilitoi, kwamba kule kwa Kaka wanalitaka joto hilo na sisi hapa tunalikimbia. Nikasema tuondoe vioo vya pande mbili na tuezeke makuti juu.

"Vioo havina kosa," akajibu. "Kosa ni la stima. Nitatia feni ya betri." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Unajua watu wangapi wamekuja kukitazama kile chumba, Dama? Nikivunja sasa, nitawaambia nini? Kwamba nilimjengea mamangu tanuri?"

Si mtu mbaya, Mama. Usimpigie ukamgombeza. Nadhani anajua, na kujua kwenyewe ndiko kunakomfanya awe mkali.

Hawe ameomba apelekwe kwako. Hakuomba kwa hasira. Alisema tu kwamba anataka kukaa kwa Sidi mpaka miguu irudi, na Mjomba amekubali. Tutakuja pamoja Jumamosi ijayo, shule ikiwa imefungwa. Sasa unaona kwa nini barua hii lazima ikuwahi. Ukimruhusu fundi aanze wiki hii, Hawe atatoka kwenye vioo vya hapa aje avikute vya huko.

Najua utaona haya kumkatalia Kaka, kwa kuwa ametoa kwa moyo. Mweleze kilichotokea, usimfiche hata neno. Mwambie wale wazee wake wanahitaji jua na huyu wetu anahitaji upepo na watu. Akitaka kumjengea, aongeze upana wa baraza, aezeke makuti mapya, na atie kiukuta kirefu cha kuegemea wapitao. Kama mtaona aibu wote wawili, sema ni mimi niliyekataa. Nitayabeba.

Nisalimie Baba, na umwambie nitakuja kumsaidia kupalilia mihogo. Msalimie mdogo wangu Katana, mchunga mbuzi asiyependa Hesabu, na shangazi mshonaji, na mzee wa kanisa anayetuombea kila mwanzo wa muhula.

Nilikuwa nimekwisha kuandika, lakini Hawe ameniita sasa hivi. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia nakuandikia wewe. Akauliza, "Baraza la mamako, wapitao bado wanaliegemea?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Hawe, wanaliegemea."

Akasema, "Vizuri," akageukia ukutani kulala. Mama, nimemjibu nikiwa huku mbali, sijui fundi amefika wapi. Tafadhali yafanye maneno yangu yawe kweli.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Dama