Bunduki Arobaini za Mkono wa Kushoto

Lubumbashi, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024
Asubuhi baridi kali, upepo wa vumbi, mbingu haina hata wingu moja.

Mpendwa mdogo wangu Agnès,

Yambo sana, wewe na shemeji Paulin na watoto wote wa huko Charleroi. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia kwenye simu kwamba daktari anataka kulipasua. Usikubali haraka, uliza na daktari wa pili. Mimi niko mzima, ila hii baridi ya Juni inaniingia kwenye vidole, ndiyo maana utaona mwandiko wangu unayumba. Mwanangu Osée bado anafanya kazi yake kule Luano, kwenye uwanja wa ndege, na Joëlle, mjukuu wangu niliyemlea, anakusalimu sana.

Barua hii anakuletea jirani yangu Keren, anayesafiri kesho jioni. Nimeona mambo haya hayafai kusemwa kwa simu.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka 1972? Juzi nimetoa daftari langu la mwaka ule, lile lenye jalada la bluu ambalo Masista walitupa tulipoanza sekondari. Nimeandika hivi: «13 Julai. Baridi. Baba amemaliza bunduki ya arobaini. Mikono yangu na ya Agnès haitakati. Sista ametutoa kwenye mstari.» Nilicheka peke yangu. Ule unga mweusi wa grafiti aliokuwa akiuleta Baba kutoka karakana ya reli, tukiuchanganya na dawa ya viatu na kusugua mitutu ya mti mpaka inang'aa kama chuma! Harufu yake nikiifikiria naisikia hata sasa.

Wazungu wale wa filamu walikuja kuigiza vita vyao vya zamani upande wa Sakania, na silaha za kweli hazikuwatosha. Askari wa mbele walibeba bunduki za kweli zisizo na risasi. Wale wa nyuma, waliochukuliwa kwetu kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, walibeba za Baba. Mabomu ya mkono aliyachonga yeye, na lile gari la kivita lilikuwa lori lililovishwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya kijani. Kofia za chuma nazo zilipungua. Mama akatoa mabakuli yake sita ya kulia, yakapakwa rangi na kufungwa kamba ya kidevu. Mwezi mzima tulikula sote kwenye sahani moja kubwa, na mabakuli yaliporudi rangi haikutoka. Mpaka anakufa, Mama alikuwa akisema: «Beye bashinda vita yabo, miye nikapoteza bakuli.»

Lakini unajua kosa lenyewe. Baba hakupewa bunduki ya kweli ya kuigia, alipewa picha moja ya karatasi. Akachonga ya kwanza, akaiweka kwenye bega lake, akaona inamkaa vizuri, akachonga nyingine thelathini na tisa sawasawa na hiyo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kile kichuma cha pembeni kinachovutwa ili kuingiza risasi alikiweka upande wa kushoto, zote arobaini. Mzungu mwenye filamu alipogundua, muda ulikuwa umekwisha. Akasema hao wakae safu ya nyuma, nani ataangalia?

Siku ya mwisho walimvika Baba sare ya filamu, wakampa bunduki yake mwenyewe, wakampiga picha. Ndiyo ile picha ya sebuleni. Picha nyingine ya Baba tuliyo nayo ni ile ya kadi ya kazi tu, yenye mhuri juu ya shavu. Ile ya sebuleni ndiyo anapocheka.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Joëlle ameposwa na kijana anayeitwa David Mulenga, fundi wa umeme, mtoto mwenye heshima. Kwao ni upande wa Kinsevere, walikuwa wakilima pale kabla ya mgodi. Tarehe 11 Mei walikuja watu sita kuzungumza mahari, wakiongozwa na babu yake, Mzee Mulenga. Nilipika tangu alfajiri. Tulisalimiana, tukacheka, nikamwekea mzee kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Akakiinua, akatazama ukutani, akakirudisha mezani bila kukionja. Akasimama, akasema anaumwa, na wote wakamfuata nje. Ilikuwa haijapita hata nusu saa.

Siku tatu baadaye David alikuja peke yake, macho mekundu. Akanieleza kwamba miaka ile ya vita baada ya uhuru, watu wenye sare na bunduki walimchukua kaka mkubwa wa mzee, aliyeitwa Mutale, kwenye njia ya shambani. Mzee alikuwa na miaka kumi na mmoja, amejificha kwenye mihogo, akaona. Mutale hakurudi. Na sasa mzee anasema hawezi kumwoza mjukuu wake kwenye nyumba inayomtundika mtu kama wale ukutani, tena akicheka.

Agnès, Baba yetu! Aliyekuwa akimtoa panya kwenye mtego na kumwachia uani! Nilikasirika siku mbili nzima. Kisha nikamwona Joëlle anapiga pasi nguo ile ile mara mbili, nikaacha hasira, nikamwita Osée.

Osée aliitafuta filamu kwenye simu. Ipo! Na kuna kitu cha ajabu zaidi. Kuna watu huko mtandaoni ambao kazi yao ni kutazama filamu za vita na kuandika kila silaha inayoonekana, aina yake, mwaka wake, dakika yake. Filamu yetu wameiandika yote. Na walipofika kwenye safu ya nyuma wamebishana kurasa tatu nzima. Mmoja anaapa kwamba ni bunduki adimu, zilizotengenezwa chache tu kwa ajili ya askari wa mkono wa kushoto. Mwingine anasema ameitafuta kwenye makumbusho ya nchi nne hajaiona. Osée alinisomea huku analia kwa kicheko. «Mama, tubaambie iko inje ku lupango yetu, muzee alikuwa natengeneza na randa?» Nikamwambia waache wabishane, Baba angefurahi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kinsevere, mimi na Osée, na picha nimeifunga kwenye kitenge. Mzee Mulenga alitupokea uani, hakutukaribisha ndani. Sikubishana naye. Nilimwomba tu atazame. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa mlinzi wa mgodi miaka ishirini, na bunduki anazijua kuliko sisi sote. Osée aliisimamisha filamu kwenye safu ya nyuma. Mzee akasogeza simu, akaisogeza tena, akachukua picha ya Baba akailinganisha. Kisha akaniuliza:

«Mama, fundi ya ii bunduki alikuwa mushoto?»

«Ndiyo, muzee. Alikuwa baba yangu. Ni ya muti, zote arobaini.»

«Arobaini!» Akacheka mpaka akakohoa. «Jeshi muzima ya bamushoto! Na Muzungu akalipa?»

«Alilipa, muzee.»

«Baba yako alikuwa mwerevu kupita ye.»

Tukacheka sote, na David akaanza kuleta viti. Nikafikiri yamekwisha. Lakini mzee alinirudishia picha ikiwa imeelekea chini, akasema polepole: «Kichwa inakubali, mama. Macho njo inakatala. Mutoto aoe, sikatale tena. Miye nitaikala inje, ku lupango. Musinihesabie mubaya.»

Njiani Osée alisema tumeshinda. Mimi niliifunga tena picha kwenye kitenge.

Agnès, nimewaza wiki nzima. Arusi ni tarehe 20 Julai. Siwezi kuona babu wa bwana arusi anakula peke yake nje kwenye baridi, wakati ndani kuna picha ya mti uliopakwa dawa ya viatu. Nilipomwambia Joëlle alikataa: «Nkambo yangu, iko picha moja tu anacheka!» Nikamjibu kwamba Baba alichonga zile bunduki ili watu wapate la kutazama, hakuzichonga ili mtoto aliyejificha kwenye mihogo aendelee kujificha uzeeni.

Basi nimeitoa kwenye fremu. Imo katika bahasha hii, katikati ya karatasi mbili ngumu. Osée ameweka nakala kwenye simu yake, lakini karatasi hii Baba aliishika kwa mkono wake. Itundike kwako, mahali ambapo wageni hawataikimbia. Ulisugua naye mitutu ile, una haki kama mimi. Wanao wakikuuliza huyu askari ni nani, waambie ni seremala, na waonyeshe kile kichuma kiko upande gani.

Msalimie Paulin, na mwanao Myriam mbusu kwa niaba yangu. Osée na Joëlle wanakukumbuka, na David anasema atakuita mama mdogo hata kabla hajakuona. Mungu akulinde wewe na goti lako, na atukutanishe tukiwa bado tunafahamiana sura.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama zamani,
Annie

Jumapili asubuhi, kabla Keren hajapita. Jana niliifunga bahasha, nikaifungua tena kumtazama Baba, mara tatu. Ndiyo sababu gundi imevurugika. Nililala saa saba kasoro dakika kumi usiku.