Ndizi za Bafuni

Jumatano usiku

Sijamwambia mtu yeyote, lakini wiki hii yote nimekuwa nikijifungia kwenye bafu la ploti, lile tunalotumia na majirani, nikirudiarudia "banana" peke yangu. Leo asubuhi jirani yetu, Mama Brayo, amegonga mlango. "Wewe, unaoga ama unauza matunda?"

Yote ni kwa sababu ya ile kazi ya kuwasaidia watoto kusoma, kule Kawangware. Madam Wanjiru, mwalimu anayesimamia pale, alisema leo atanijaribu: yeye asome maneno ya Kiingereza, mimi nigonge meza kila nikisikia schwa, ile sauti fupi iliyolegea, kama ya mtu aliyeulizwa swali akiwa anasinzia. Hapa kwetu Kibera hatuna habari nayo. Tunasema ba-na-na, kila a imeshiba.

Neno la kwanza, "teacher", limenipita. Mkono ulibaki tu mapajani kwa aibu, na nikajua kazi imekwenda. Kisha akasema "about", nikagonga kabla sijafikiri. "Sofa." Nikagonga mwishoni. "Banana." Nikagonga mwanzo na mwisho, ile ya katikati nikaiacha.

Madam akacheka. "Hiyo umejifunza wapi? Basi, kuja Jumatatu, teacher."

Safari hii ile schwa niliisikia vizuri, pale mwishoni mwa "teacher".

Bado naogopa. Sijui kama sauti yangu itafika dawati la nyuma, na watoto wakianza kunicheka...

Lakini nimekula ugali wote.

Mama anajua nimepata kazi. Mambo ya bafuni hajui. Tafadhali, daftari langu, yabaki kwako. Na sababu yake, Mama Brayo ndiye asiisikie kabisa.