Ya Kusindikiza

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima. Mimi sijambo, ila sauti imekauka, maana darasa la kwanza hulinyamazishi kwa kunong'ona.

Nina habari. Mwalimu mkuu amenikubalia kipindi cha muziki kila Alhamisi. Kila wiki tunasikiliza muziki wa aina nyingine. Tulianza na ngoma, wakapiga madawati mpaka moja likavunjika mguu. Wiki hii ilikuwa zeze, wakatulia kama wamemwagiwa maji. Sasa wanataka kitu cha kupulizwa, nami nikajisifu kwamba baba yangu ni mpiga tarumbeta. Basi nitumie kaseti, upige mwenyewe.

Fanya haraka, baba. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi keshasema watoto wanaletwa shule kusoma, si kukata viuno. Mwanawe yumo darasani kwangu, na mimi bado niko kwenye majaribio. Akipata sababu tu, sina kazi.

Mwanao,
Kitindamimba

14 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Kifua kinanisumbua kidogo, ni vumbi tu, usikishughulikie.

Nimekupigia kaseti mbili. Moja ya harusi, nyingine ya gwaride. Jirani alikuja kuuliza tunamwoza nani na mbona hakualikwa. Mama yako ndiye anayezifunga na kuzipeleka kwa kondakta wa basi, maana mimi natoka, nina miadi mjini.

Waambie hao wanafunzi wako tarumbeta halipigwi kwa mashavu. Linapigwa kwa tumbo. Na huyo mwenyekiti mheshimu, lakini usimwogope.

Babako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko mahali pake.

Kaseti zote tatu zilifika. Ya harusi wamecheza, ya gwaride wametembea mpaka vumbi likatimka. Hiyo ya tatu, uliyoiandika Ya Kusindikiza, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Iko polepole, ina adabu zake. Nikasema, hii ndiyo ya kusindikizana mpaka getini saa ya kwenda nyumbani. Wameishika mara moja. Hata pale katikati unapokohoa, nao wanakohoa, darasa zima kwa pamoja, koho! Nilicheka mpaka machozi.

Jana mtoto wa mwenyekiti, tunamwita Bonge, kaingia nayo kwao. Kakunja gazeti likawa tarumbeta, kawapanga wadogo zake nyuma, wakakizunguka kitanda cha bibi yao. Baba, huyo bibi hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Leo asubuhi mwenyekiti kanijia darasani, akafoka mbele ya watoto: "Mama yangu bado anapumua, na wewe umeshamtuma mwanangu amzike!" Wallahi sikuelewa hata neno. Watoto wakaanza kulia. Mkuu kaniita ofisini, kasema alikuwa akiusikia huo wimbo kwa mbali na kudhani masikio yake yanamdanganya. Kikao cha wazazi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ninavyoona, ndiyo nimekwisha.

Huo wimbo ni wa nini, baba? Nijibu upesi, nakuomba.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Kifua achana nacho.

Mimi nilikutumia kaseti mbili. Hiyo ya tatu ilikuwa kwenye droo yangu. Mama yako kauona mwandiko wangu, kazifunga zote. Usimlaumu, hakujua.

Sisi watu wa bendi tukisema kusindikiza, hatumsemi mgeni aliyemaliza chai. Tunasema jeneza. Wimbo huo unaanza mlangoni na kuishia kaburini, na haupigwi ndani ya nyumba, hata kwa mazoezi. Ndiyo maana umekulia mikononi mwangu na hukuwahi kuusikia. Msiba ukipita na bendi, mama yako alikuwa akikuvutia ndani na kufunga madirisha.

Sasa nisikilize. Usingoje kikao. Nenda kwa huyo bibi mwenyewe, ukae chini, umwombe radhi. Halafu mbele ya wazazi useme kosa ni la baba yako, aliacha vitu vyake ovyo. Usijitie ushujaa wa kulibeba mwenyewe. Na hiyo kaseti nirudishie, usimsikilizishe mtu tena.

Babako

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimenusurika!

Kwa bibi, mke wa mwenyekiti alinizuia mlangoni, kaniuliza nimeleta na sanda kabisa? Bibi mwenyewe ndiye aliyeita kutoka ndani, "Mwacheni aingie." Nikakaa chini kama ulivyosema. Nikamweleza habari ya neno kusindikiza, nilivyolielewa mimi na mnavyolielewa ninyi. Alicheka mpaka nikaogopa atakwenda kweli. Kisha akamwambia Bonge amwimbie. Nilikataa, yeye akasisitiza, mtoto akaimba yote pamoja na kikohozi chake. Pale kwenye kikohozi bibi aliacha kucheka.

Kikaoni wazazi walinikalia kooni. Mmoja kasema nina mkosi, mwingine kauliza nimesomea wapi. Nikasimama nikaeleza. Mwenyekiti akainuka, kanuna, akasema mama yake kamtuma: "Waambie sijafa, na siku nikifa nitawajulisha." Ukumbi mzima ukacheka, hata yeye. Kazi ninayo, na kipindi kimebaki, ila kila wimbo mkuu ausikie kwanza. Huo wako tumekatazwa kabisa.

Lakini baba, nilipoaga, bibi alinishika mkono hakuniachia. "Huyo aliyepiga ni nani wako?" Nikamwambia. Akasema, "Anaumwa. Na hakuna mtu anayeupiga huo kwa kujifurahisha."

Nimeisikiliza tena. Nasikia mlango wetu wa jikoni unavyolia bawaba. Ulipigia ndani, wewe uliyesema haupigwi ndani hata kwa mazoezi. Ulimpigia nani? Kaseti sirudishi mpaka unijibu.

Mwanao

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Nimemwandikia mama kumuuliza habari zako, kanijibu habari za kuku.

Shule tunafunga wiki ijayo na tiketi nimeshakata. Uandike usiandike, nakuja. Lakini safari ni ndefu, na njia nzima nitakuwa nawaza mabaya. Naogopa, baba. Niambie tu.

Kitindamimba wako

4 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Leo sitasema sijambo.

Ni mapafu. Nilijua tangu mwaka jana. Mama yako nilimwapisha asikuambie kabla hujathibitishwa kazini, kwa hiyo hasira zote niletee mimi, yeye mkumbatie. Kwenye bendi tumebaki mimi na mpiga ngoma, naye mkono mmoja umepooza. Maisha yangu yote nimewasindikiza watu, wengine hata sikuwajua majina. Nikajiuliza, na mimi je, atanipigia nani? Basi siku mama yako alipokwenda sokoni nikafunga mlango, nikavunja mwiko, nikajipigia mwenyewe. Niliona aibu kwamba nitakohoa kwenye maziko yangu, lakini pumzi ya kurudia sikuwa nayo.

Njoo, nakusubiri. Kaseti uje nayo. Na ukirudi uondoke na tarumbeta, nimeshalisugua. Kila mtoto alipulize, hata wakilijaza mate.

Jambo moja la kazi. Najua mmekatazwa ule wimbo, na katazo liheshimu. Lakini kitu kilichoingia kichwani mwa mtoto hakitoki kwa amri ya kikao, na siku moja utawahitaji wauimbe. Basi waelekeze sawasawa. Pale katikati wanapokohoa, hapana kikohozi. Pana kimya. Ni pale wabebaji wanapobadilishana mabega. Wafundishe wanyamaze kidogo, wavute pumzi, halafu waendelee.

Babako