Nne Nukta Moja

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, na leo nina kosa la kuungama. Kwa hiyo adabu kwanza.

Huku Mshangano umeme umefika mpaka kwa jirani wa bondeni. Ungenuna. Wewe ulikuwa ukishukuru umeme ukikatika, unatoka na kigoda chako hata ugali haujaiva, unaniita, "Karani, lete daftari." Ulipima tumbaku kwenye mizani miaka yote. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, wakaja na mizani yao, ghala lenu la ushirika likafungwa, nawe ukahamia kupima nyota. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kidogo.

Nyota yenyewe ni ileile moja, inayofifia na kung'aa tena kwa siku saba na kitu. Hukuipima peke yake hata mara moja. Jirani yake ulichagua mbili zisizobadilika, ukaziita mawe ya mizani. "Mizani haijui kilo mpaka uipe jiwe unalolijua," ulisema. Kisha unataja namba, nami naandika. Namba ikikua, ndiyo mwanga umepungua. Ulidai aliyebuni hesabu hiyo alikuwa anasinzia.

Mwaka ule wa mwisho mtoto wa jicho alikuwa ameanza kukusumbua. Kikombe cha chai ulikipapasa. Jumamosi moja ukasema, "Imefifia. Andika nne nukta moja." Nikatazama juu, nikaiona inang'aa vizuri tu. Nikaandika tatu nukta sita. Baba, nilikuonea huruma. Nilidhani nakufichia aibu. Nikafanya hivyo jioni saba, na kila mstari niliogeuza nikautia kidoto cha penseli pembeni, labda dhamira ilikuwa inanisuta.

Ukaondoka ukiliamini daftari lako.

Sasa sikia. Shuleni ninakofundisha tumepata kompyuta, mtumba lakini nzima, na kamera isiyotumia filamu. Ndani mna programu ya kupima picha za nyota. Unaizungushia nyota kiduara, yenyewe inajumlisha mwanga wake, inaondoa mwanga wa anga tupu la pembeni, halafu inakuuliza: ilinganishwe na nyota ipi? Ilikuwa inadai mawe ya mizani.

Nimepiga picha majuma sita. Jioni moja watu walikuwa wanachoma mashamba, moshi ukatanda, picha ikatoka hafifu kabisa. Nilitaka kuifuta. Nikaipima hivyohivyo, na jibu likakaa mahali pake, kwa sababu moshi ulikuwa umeyafunika na mawe pia. Hapo nikatoka nje nikalia. Jicho lako bovu lilikuwa linazipunguza zote sawasawa, Baba. Wewe ulikuwa unalinganisha. Mimi mwenye macho mazima nilitazama moja tu, bila jiwe.

Nikahesabu mizunguko kurudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka Jumamosi ile. Inaangukia nne nukta moja.

Zile jioni sita nyingine namba zako nimezisahau, na hesabu haiwezi kunirudishia ulichokitaja wewe. Hilo ndilo linaloniuma. Zilikuwa namba sahihi, nikazitupa kwa huruma.

Sikufuta kitu. Nimepiga mstari mmoja wa wino juu ya namba zangu, uongo wangu usomeke, kama ulivyonifundisha kusahihisha. Kwenye Jumamosi ile nimeandika yako. Kwenye zile sita nimeandika: "Baba alisema, karani hakuandika." Mama amesoma, akanitazama muda mrefu, akasema tu, "Angekucheka." Sina hakika.

Nakuahidi kila kiangazi nitakaa kwenye kigoda chako, na sitamwandikia mtu huruma yangu badala ya kile alichokiona.

Pumzika, mpima wangu. Jioni hii anga ni safi, na daftari liko mapajani. Wewe taja tu, Baba. Nitaandika unavyosema.